Mchanga Unaohama wa Olduvai

Sisi wa Mabatini hatukuzoea kuyahesabu maji. Bomba hukatika, naam, lakini ziwa li pale pale.

Mwezi wa Februari, mimi na mama watoto tulipita Magu na Lamadi, tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, tukalala Seronera. Kesho yake, tulipoipita Naabi, miti ikakoma. Uwanda ulijaa nyumbu waliokuwa wakizaa. Ndama wao husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, kwani fisi hawangoji.

Karibu na Bonde la Olduvai tuliuona mchanga mweusi wenye umbo la hilali. Asili yake ni majivu ya mlima Ol Doinyo Lengai. Kimo chake ni kama mita 9, na upepo huusogeza magharibi takriban mita 17 kila mwaka; alama zenye tarehe zimewekwa ulikopita.

Adhuhuri ikaingia. Maji yaliyosalia yalikuwa ya kunywa na ya rejeta. Tutawadhe, au tutayamamu? Mama watoto alikata shauri: kuchelea kiu safarini ni udhuru. Kwa wafuasi wa Imamu Shafii sharti ni udongo wenye vumbi. Basi tuliuacha mchanga ule mzito, tukapiga viganja juu ya udongo wa uwandani. Tukaelekea kaskazini, tukielemea mashariki kidogo, tukaswali rakaa mbili za Adhuhuri, kisha mbili za Alasiri.

Swala granti walitutazama kwa mbali. Wao hukaa muda mrefu bila kunywa, wakitosheka na unyevu wa majani.