Mlio wa Gari la Mjomba

Gari la mjomba, la mtumba kutoka Japani, lilikuwa likilia "tak!" kila tulipoondoka Ndia Kuu asubuhi.

"Breki hizo, mwanangu! Karo yako itaishia gereji," alisema. Usiku huo sikulala.

Fundi alicheka. "Huo ni mtambo wa kuzuia magurudumu kuteleza. Gari likianza kwenda, hujipima wenyewe. Valvu na pampu ndizo zinazogonga. Taa yake ikiwaka ukiwasha gari kisha ikazimika, hakuna neno. Ikibaki kuwaka, njoo mbio!"

Akabadilisha mpira uliochakaa unaoshikilia pampu. Mlio ukapungua, ila haukwisha.

Karo ikalipwa. Siku hizi nikisikia "tak" natabasamu. Ama kweli, kuuliza si ujinga.