Miaka Haitoi Talaka

Nilipokwenda likizo nyumbani Kwamkoro, upande wa Amani, ambako ukungu hushuka juu ya mashamba ya chai hata mchumaji asimwone mwenziwe wa mstari wa pili, shangazi yangu aliniita chumbani, akafungua sanduku, akatoa cheti cha ndoa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaniwekea mapajani. "Mwanangu," akasema, "mume wangu ameondoka mwaka wa 12 huu, hana barua wala simu, na hapana ajuaye aliko. Sikuachwa, wala sikufiwa. Je, mimi ni mke wa nani?"

Siku ile sikuwa na jawabu.

Huku Bielefeld ninakoishi, mji uliokuwa makao ya misioni ya Bethel iliyowahubiria Ulutheri wazee wetu wa Usambara, jambo hili hupimwa kwa kalenda. Tangu Julai 1977 sheria ya Ujerumani haimtafuti tena mwenye kosa: wakitengana mwaka 1 na wote wawili wakaridhia talaka, ndoa yao huhesabiwa imevunjika, na ikitimia miaka 3, hata asiyeridhia hawezi tena kulipinga hilo. Mwenzangu wa kazini alinionyesha jikoni kwake rafu mbili zilizobandikwa karatasi, moja jina lake na moja la mkewe, kwani kwao mtu aweza kutengana na mwenziwe chini ya paa moja, maadamu kila mmoja ajipikia na kulala peke yake.

Nyumbani nako, Sheria ya Ndoa iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, ikawakusanya Wakristo, Waislamu na wafuata mila pamoja, inataja miaka ile ile 3: kutengana kwa hiari, au kutelekezwa kwa makusudi, kukidumu muda huo, ni ushahidi ambao mahakama yaweza kuupokea kwamba ndoa haitengenezeki tena. Lakini ushahidi si talaka. Maadamu mahakama haijatamka, waliooana kanisani ni mume na mke, na yule aliyeondoka, hata apitishe miaka 30 ng'ambo, hana ruhusa ya kuoa mwingine.

Tena, aghalabu shauri sharti lipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, watu wakae, wasikilizwe, na sulhu ikishindikana baraza litoe hati yake. Wapo wenzangu wa ughaibuni wanaoliona baraza hili kuwa kikwazo. Siafikiani nao, kwa kuwa kalenda huhesabu siku, bali baraza humuuliza mtu. Na mtu aliyebaki nyuma, akalima, akalea, akawazika wakwe peke yake, anastahili mahali pa kuyasema hayo. Nayo yana uzito mahakamani pia, kwani tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya wanandoa.

Wala sheria haikumfungia mlango aliye kama shangazi. Aliyetelekezwa asijue mwenziwe aliko, au ambaye mwenziwe yu nchi za nje na haelekei kurejea ndani ya miezi 6 tangu maombi kufunguliwa, aweza kwenda mahakamani bila hati ya baraza, hata Mahakama ya Mwanzo. Ruhusa hiyo aliwekewa aliyeachwa. Sisi tulioko ng'ambo tusiifanye kichaka cha kujifichia. Anayejua kwamba ndoa yake imekwisha, na aseme kwa kinywa chake, mbele ya mwenziwe na mbele ya wazee, asiwaachie miaka kazi isiyo yao.

Juzi nilimpigia shangazi simu, nikamweleza haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha nikasikia mfuko wa nailoni ukichakarika.

"Jumatatu," akasema, "nashuka Muheza."