Barua kutoka Houston: Picha ya Tumboni

Shikamoo Ma'mdogo,

Natumaini kusi imepungua na wavuvi wa Msimbati wanatoka. Mimi mzima. Siku ile kwenye simu uliniuliza kama kweli huku Marekani serikali humlazimisha mwanamke kupigwa altrasaundi kabla ya kutoa mimba. Nikakuahidi barua.

Ni kweli katika baadhi ya majimbo. Hapa Texas, gavana Rick Perry alisaini sheria hiyo mwaka 2011. Daktari alitakiwa ampime mwanamke, kwa kawaida angalau saa 24 kabla, amwekee picha mbele, amsikilizishe mapigo ya moyo na kumweleza anachokiona. Mwanamke aliweza kukataa kutazama na kusikia mapigo. Maelezo, isipokuwa kwa wachache kama waliobakwa, ilikuwa lazima ayasikie.

Walioitetea walisema jambo zito kama hilo haliamuliwi gizani. Wapinzani walisema daktari amegeuzwa mdomo wa serikali. Mahakama nazo ziligawanyika: sheria ya Texas ilipita kwenye rufaa mwaka 2012, sheria kama hiyo ya jimbo la North Carolina ikabatilishwa mwaka 2014. Kisha Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973, na Texas ikapiga marufuku karibu kila utoaji mimba.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu inamtishia anayemtoa mwanamke mimba kwa kifungo cha miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Hata hivyo, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini. Wewe mkunga umewapokea baadhi ya wanawake hao usiku, wanavuja damu na wanaogopa kusema.

Nakumbuka ulivyokuwa ukipapasa tumbo kwa viganja, kisha ukainamisha sikio kwenye fetoskopu. Nakumbuka pia jirani yetu aliyetokwa damu mimba ikiwa ya miezi minane, ukamsindikiza mpaka hospitali ya Ligula kwa gari la kuomba. Altrasaundi ndiyo iliyoonyesha kondo la nyuma limeziba njia. Akapasuliwa, akarudi na mtoto.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, Ma'mdogo: kipimo ni cha kumtibu mama. Akikihitaji akipate karibu, na asiyetaka kutazama asilazimishwe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Gesi asilia ya kwetu ya Mnazi Bay inafika hadi Dar es Salaam. Mashine hiyo nayo ifike kila zahanati ya pwani yetu, hadi mlangoni mwa mto Ruvuma.

Nawe waambie mabinti wa hapo: anayevuja damu aende hospitali mapema, bila kujali mimba imetokaje. Kumtibu si kosa.

Wako mtiifu,
Mwanao wa Houston