Bao Ambalo Halikuingia

Mashabiki wa Gor Mahia, K'Ogalo, tulio ughaibuni tukianza kukumbushana Kombe la Mandela la 1987, jina ni la mfungaji Peter Dawo, halafu Dawo tena. Kipa David Ochieng hutajwa mwishoni, akitajwa. Hilo linakera, maana hesabu ya fainali ile inamtetea yeye pia. Gor walitoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka 1-1, wakabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Watunisia wangepata bao moja zaidi uwanjani Kasarani, kombe lingepanda ndege nao. Huku Uingereza thamani ya bao lililozuiwa wanaielewa. Mwaka 1970, Guadalajara, Pelé alipiga mpira kwa kichwa ukadunda karibu na mstari. Gordon Banks akajirusha, akaupangua mpira kwa mkono wa kulia ukapita juu ya mwamba. Uingereza ilifungwa 1-0 siku hiyo, lakini uokoaji ule unasimuliwa hadi leo, na nje ya uwanja wa Stoke City iko sanamu ya Banks ambayo Pelé mwenyewe alikuja kuizindua 2008. Si kwamba Waingereza wanapenda makipa kuliko sisi. Walikuwa na kamera. Mfungaji huhifadhiwa na matokeo. Kipa asipopigwa picha wala kuandikwa, kazi yake inaisha na kipenga.

Kuna watakaosema kwetu simulizi zinatosha: Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa kule Ndhiwa, jina lake lilivuka vizazi kwa mdomo kabla klabu haijalivaa 1968. Sawa, lakini tazama simulizi zilivyomfanya. Mtu amefifia, imebaki miujiza: alijigeuza hiki, akatoweka vile. Kipa naye akiachiwa vijiwe vya Migori na Homa Bay, miaka michache tu utaambiwa alikuwa na dawa langoni. Dawa haifundishiki. Kijana anayedaka Awendo au Mbita anataka kujua mkubwa wake alisimama wapi kona ikipigwa, na alitoka lini kuifuata krosi.

Wengine watauliza pesa za kuwakumbuka makipa ziko wapi, na hospitali zinasubiri. Lakini uwanja wa Raila Odinga pale Homa Bay tayari upo, sherehe ya Madaraka ya 2025 ilifanyika humo, na jina linafaa, kwani ni la aliyekuwa mlezi wa Gor. Kuandika majina ya makipa kwenye ukuta wake ni gharama ya rangi. Kuchelewa ndiko ghali: klabu ya Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ligi 2006, na 2019 ikatimuliwa ligini kwa kukosa kufika mechini. Nani amehifadhi orodha ya waliodaka pale? Waliomwona Ochieng wanazeeka. Wahojiwe sasa, na swali la kwanza liwe la kipa. Dawo hana shida. Mabao yake yameandikwa.