Okmeydanı: Uwanja wa Mishale na Elimu ya Mkono kwa Mkono

Juu ya ghuba ya Haliç, upande wa Ulaya wa jiji la Istanbul, kipo kitongoji kiitwacho Okmeydanı, maana yake Uwanja wa Mishale. Msafiri anayefika huko leo huona kwanza maghorofa yaliyobanana, maduka na barabara zenye magari mengi, na huenda akapita bila kujua alipokanyaga. Lakini baina ya nyumba, pengine karibu kabisa na ukuta wa mtu, zimesimama nguzo za mawe zenye maandishi ya Kituruki cha kale kwa herufi za Kiarabu. Si makaburi. Ni alama za masafa: hapa ndipo ulipoanguka mshale uliowapita wenzake, na huyu ndiye aliyeurusha.

Sultani Mehmed II, aitwaye Fatih, baada ya kuifungua Istanbul mwaka 1453, aliitenga ardhi hii kwa ajili ya upinde na mshale. Kwa karne nyingi ililindwa isijengwe wala isilimwe. Palikuwa na zawiya ya wapiga mishale, na palikuwa na mimbari ya mawe kwa ajili ya sala za hadhara. Desturi ilimtaka anayeingia uwanjani awe na udhu, kama aingiaye mahali pa ibada.

Muislamu hatashangazwa na heshima hiyo. Katika Sahihi Muslim, Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Qur'ani kuwa ni kurusha mshale, akalikariri neno hilo mara tatu. Sahaba huyo huyo amepokea karipio kali kwa mtu aliyejifunza kurusha kisha akaacha. Na mahujaji waliozuru Uhud wanakijua kile kilima cha wapiga mishale, mahali panapotukumbusha kwamba shabaha pekee haimfai mtu asiyesubiri pale alipoamriwa kusimama.

Sisi tulifika Istanbul tukiwa watu wanne wa msikiti mmoja, baada ya miezi saba ya kujifunza kwa masafa. Kila wiki mwalimu wetu, mzee wa huko anayezungumza nasi kwa Kiarabu cha kisomo, alitutumia somo fupi la video. Nasi tulijipiga picha tukifanya zoezi, tukamrudishia, naye akatusahihisha. Katika miezi minne ya mwanzo hatukugusa mshale hata mmoja. Tulivuta upinde mlegevu, tukaushikilia, tukaurudisha taratibu bila kuuachia, kwa kuwa upinde unaoachiwa mtupu huvunjika. Watoto waliotuchungulia uani walicheka, wakauliza vita vyenyewe vitaanza lini.

Kumbe huo ndio mwendo wa kale. Wanafunzi wa Okmeydanı nao walianza na upinde mlegevu uitwao kepaze, wakauvuta kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuwa na mshale. Waturuki huvuta kwa kidole gumba kilichovikwa pete maalumu, zihgir, na mshale hulala upande wa kulia wa upinde kwa mtu wa mkono wa kulia. Msuli na kidole huzoea kwa kukariri tu. Kazi hiyo ya upweke yaweza kufanywa Üsküdar, na yaweza kufanywa Tanga au Mombasa. Kwa hiyo wanaodai kwamba elimu ya masafa ni mchezo mtupu hawakusema kweli yote. Ina sehemu yake, na sehemu hiyo si ndogo.

Kambi, iliyofanyika nje kidogo ya jiji kwa siku sita, ilituonyesha sehemu iliyobaki. Siku ya kwanza mwalimu hakutazama shabaha. Alipita nyuma ya kila mmoja, akaweka ncha ya kidole chake juu ya gumba lililoshika uzi. Alipofika kwa kijana wetu mdogo kuliko wote alisita, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, unaishika kamba kama anayeogopa kuibiwa." Kwa miezi saba simu ilimwonyesha kiwiko cha kijana yule na bega lake, na vyote vilikuwa sawa. Ukaze wa kidole haukuonekana pichani; ulitaka kuguswa.

Mengine nayo yalikuwa hivyo. Upepo haufundishwi kwa maneno. Subira ya kungoja mstari mzima umalize, ndipo watu waende pamoja kuokota mishale, hujengwa kwa kusimama na watu. Palikuwa na zamu ya akina mama na mabinti, palikuwa na vijana wa mataifa mbalimbali, na adhana ilipotoka kila mtu aliufungua uzi wa upinde wake na kuulaza. Anayejifunza peke yake uani kwake hana wa kumngoja wala wa kumpisha.

Wazee wa Okmeydanı waliliweka jambo hili katika sheria yao. Mwanafunzi aliyetaka kuandikwa katika daftari la wapiga mishale alipaswa kuufikisha mshale wa masafa gez 900, takriban mita 594, mbele ya mashahidi. Hata hivyo umbali haukutosha. Ulifuata mkusanyiko ambapo mwalimu alimkabidhi mwanafunzi upinde kwa kumshikisha mpini wake, kabza, na kumnong'oneza sikioni. Sisi tuliosoma vyuoni tunaitambua sura hiyo mara moja: ni ijaza. Kitabu chaweza kusomwa na yeyote, lakini ruhusa ya kukifundisha hutoka kwa mtu aliyekaa mbele ya mwalimu, ambaye naye alikaa mbele ya mwalimu wake.

Siku ya mwisho mwalimu alitupeleka Okmeydanı. Tulisimama kwenye mojawapo ya nguzo zile, tukitafuta upande ulikotoka mshale. Hatukuona mbali, mbele yetu palikuwa na ghorofa na nguo zilizoanikwa. Mzee alitueleza kwamba bunduki iliudhoofisha upinde, lakini uwanja wenyewe ulimezwa baadaye, katika karne ya 20, pale familia maskini kutoka Anatolia zilipohamia jijini kutafuta kazi na kujenga popote palipokuwa wazi. Hakuwalaumu. Mtu mwenye watoto hutafuta paa. Nguzo nyingi zilipotea. Katika miaka ya karibuni zawiya imejengwa upya na mazoezi yamerejea, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upigaji mishale wa jadi wa Kituruki katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini mshale wa mita 594 hauna tena pa kuangukia mahali hapo.

Kisha akatugeukia na kuuliza, "Huko kwenu mnao uwanja?"

Swali hilo tumerudi nalo. Tunao, alhamdulillahi: kile kiwanja cha nyuma ya madrasa, ambacho kimejadiliwa katika vikao kadhaa kuwa kijengwe maduka ya kupangisha. Hoja ya maduka si ya upuuzi. Maji na umeme wa msikiti hulipwa kwa fedha, na walimu wa madrasa wana familia. Tunachoomba waumini wakipime ni hiki: duka laweza kujengwa hata ghorofani, lakini uwanja ukishajengwa haurudi. Somo la simu litawafikia watoto wetu popote watakapokuwa, nalo tulipokee. Mahali pa kukusanyika, mwalimu akapita nyuma yao na kuwagusa gumba, hapaji kwa simu.

Kikao cha kuamua kitafanyika baada ya sala ya Isha, Jumamosi ijayo. Wazazi waje, na wawalete vijana wao wasikilize. Mwenyezi Mungu atuongoze kwenye lililo na kheri kwa watakaokuja baada yetu. Wabillahi tawfiq.