Toshka: Ngano Juu ya Mchanga

Kutoka Aswan hadi Abu Simbel ni kilomita kama 280, karibu zote jangwa. Huoni mbuzi wala kichaka. Watalii wengi huipita njia hii alfajiri wakisinzia, wakiwahi mahekalu ya Ramses. Mimi nilimwomba dereva asimame kabla hatujafika, pale barabara inapovuka Mfereji wa Sheikh Zayed.

Mfereji ni mpana, kingo zake zimesakafiwa kwa zege, na maji yanakwenda taratibu bila kelele. Mchanga ulioletwa na upepo umeshaanza kulalia ukingo.

Maji haya hayakuteremka yenyewe kuja hapa. Kando ya Ziwa Nasser kuna kituo chenye pampu 24, zikiwamo za akiba. Ziwa likipungua, pampu hulazimika kuyapandisha maji zaidi ya mita 50 ndipo yaingie mferejini. Rais Hosni Mubarak aliuzindua mradi huu wa Toshka Januari 1997, akiahidi kulima fedani 540,000 (fedani huzidi ekari kidogo) na kuwapunguzia watu msongamano wa bonde la Nile. Kampuni ya mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia iliuziwa fedani 100,000. Mwaka 2011, Mubarak akiwa ameshaangushwa, ikarudisha 75,000. Kwa miaka mingi Toshka ilikuwa jina la kutajwa kwa kejeli, mpaka serikali ya Abdel Fattah el-Sisi ilipoifufua.

Mbele kidogo nikayaona mashamba yenyewe: maduara makubwa ya ngano, kila moja na bomba refu lenye magurudumu linalozunguka huku likinyunyiza maji, kisha mitende michanga safu kwa safu. Kijani kinakatika ghafla kama kimepitishwa wembe. Hatua moja zaidi unakanyaga mchanga. Pembeni mwa duara moja palikuwa na utando mweupe wa chumvi. Jua la hapa hunywa maji na kuiacha chumvi udongoni, na mkulima asipokuwa na mifereji ya kuiondoa, shamba humfia mikononi.

Sikuja kubeza. Misri ina watu zaidi ya milioni 100 na ni miongoni mwa waagizaji wakubwa wa ngano duniani. Mwenye njaa hutafuta shamba popote.

Dereva wangu, Mnubi wa makamo, alikuwa na neno lake. Wazazi wake walihamishiwa Kom Ombo mwaka 1964, Ziwa Nasser, la Bwawa Kuu la Aswan, lilipokuwa linakuja kufunika vijiji vyao. “Ndugu yangu,” aliniambia, “sisi tulitolewa kandokando ya maji. Leo ardhi ya huku wanapewa makampuni.” Akawasha gari.

Malalamiko yake yana ndugu zake huku kwetu, upande wa juu wa Nile. Mkataba wa Misri na Sudan wa 1959 juu ya maji ya mto huo uliigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, ukatenga bilioni 10 nyingine za kupotea tu, nyingi zikiwa mvuke wa ziwa hili. Jua lilitengewa fungu. Ethiopia, inakotoka asilimia kama 85 ya maji yanayofika Aswan, haikutengewa. Uganda na Tanganyika vilevile.

Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa na makubaliano ya 1929 ya Waingereza na Misri juu ya maji ya Nile. Miaka ya 2000 Tanzania ikavuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga bila kuomba ruhusa Cairo. Kwa hiyo nasi hatuna mikono misafi sana, ingawa yale yalikuwa maji ya ndoo za nyumbani, si ya kuotesha ngano jangwani. Anayepanua mashamba kwa mto wa wengi hana budi kuketi na wenzake kwanza.

Meza ya kuketia ipo. Mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe Mei 2010, ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan hazikutia saini.