Fingo na Pasipoti

Ukiwaamini wazee, hapa Rabai sote ni wahamiaji. Tulitoka Singwaya, kaskazini upande wa Somalia, tukiwakimbia Waoromo ambao wazee huwaita Wagala, na fingo la kutulinda likabebwa hadi likazikwa kaya. Wanahistoria wangali wanabishana kama Singwaya ilikuwa hivyo kweli. Wabishane. Mimi navutiwa na kitu kimoja: masimulizi mengi yanasema kuna kijana wa Kigala aliuawa, ndiyo maana watu wakahama. Ngano yenyewe inakumbuka nani alimwaga damu.

Safari za siku hizi ni za Saudia. Binamu yangu alikaa huko miaka 2 akifanya kazi za nyumbani, na aliporudi hakusimulia kitu. Basi mtaa ukamsimulia: ati jumba lile lilikuwa na jini, ndilo lililomfunga mdomo.

Kwa ruhusa yake nikaanza kuandika hadithi fupi. Niliweka ajenti, mkataba wa Kiarabu, pasipoti iliyofungiwa kabatini, na kafala, ule mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Nikamsomea. Akasema, "Yote ni kweli. Lakini usiku haumo." Usiku, akanieleza, ile nyumba ilikuwa inaongeza vyumba. Ukimaliza kupiga deki kimoja, kuna kingine.

Hapo ndipo uhalisia pekee unapoishiwa na pumzi. Lakini jini naye simwamini sana. Jini akishakula mshahara wa miezi, ajenti anaulizwa nini? Anapita barabarani akisalimia watu, shwari kabisa.

Kuna vitabu vinavyolijua tatizo hili. Kwenye The House of Rust (2021) ya Khadija Abdalla Bajaber, Aisha wa Mombasa anapanda chombo cha mifupa pamoja na paka anayeongea, akamtafute babake mvuvi. Majitu ya baharini yapo, na nyanya anayetaka aolewe pia yupo, bahari haimfuti. Abdulrazak Gurnah naye, kwenye By the Sea (2001), hana hata zimwi moja. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick na kisanduku cha udi, na afisa wa uhamiaji anakichukua. Basi. Ila mtu wa Rabai akisoma hapo anajua kilichotokea: mzee amenyang'anywa fingo lake mlangoni. (Sidhani Gurnah alikuwa akitufikiria sisi, lakini kitabu kikishatoka ni cha wasomaji.)

Kwa hiyo kwenye hadithi yangu sasa nyumba inaota vyumba, na mwandishi haombi radhi kwa hilo. Mshahara ambao haukulipwa umeandikwa kwa riali, mwezi kwa mwezi. Ajenti ana duka kando ya barabara ya Mazeras, na mwenye nyumba ana uso, hana kwato. Jini nimemtoa.

Binamu alisoma rasimu hiyo kwa simu, jikoni, akingoja wali ukauke. Alikuwa na sahihisho moja tu. Mimi nilikuwa nimeandika vyumba tisa. Yeye alivihesabu kumi na vinne.